Maji ya Wageni

Naujua mji wa Eldoret kwa miguu yangu na kwa maneno ya mtu mwingine. Kwa miaka minne, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, nilitembea nyuma ya memsab mmoja nikimbebea kiti cha kukunja, mwavuli na chupa ya chai, naye akiwaeleza Wazungu wenzake jinsi mji huu ulivyojengwa. Matembezi yale yalikuwa ya bure. Mtu yeyote mweupe aliyefika mjini, awe mgeni wa hoteli au mkulima mpya aliyeshuka juzi stesheni, alikaribishwa aje na viatu vyake tu. Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya vita kuu ya pili, kabla hatujathubutu kulitamka neno uhuru kwa sauti.

Mimi nilikuwa tarishi wa ofisi ya mji. Nilikuwa nimetoka kwetu Bunyore na cheti cha misheni na barua ya mchungaji, nikidhani vitu hivyo viwili vitanifanya karani. Vilinifanya tarishi anayejua Kiingereza, ambaye ni mtu wa taabu, kwa sababu husikia kila kitu na haulizwi kitu. Memsab alikuwa dada yake bwana mkubwa wa ofisini, na siku alipohitaji mtu wa kubeba kiti, kidole kilinielekea mimi.

Alikuwa Kaburu, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye kofia ya majani ambayo upande mmoja ilikuwa imeliwa na panya. Aliletwa kwenye uwanda huu akiwa msichana wa shule ndani ya gari la kukokotwa na ng'ombe, na aliupenda mji kama mtu anavyompenda mtoto aliyemlea mwenyewe. Hakuwahi kunitukana. Chai ikibaki kwenye chupa alinipa, na kila tulipokutana aliniuliza, "Jambo, habari ya nyumbani?" Nami nilijibu, "Mzuri, memsab." Sikuwahi kumchukia, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Tulianzia posta, kwa kuwa mji wenyewe ulianzia posta, kwenye shamba namba sitini na nne. Wazee wengine bado wanauita Sisibo, kutokana na sixty-four ya Kiingereza. Kutoka posta tulikwenda benki. Hapo memsab alipanda ngazi na kusimulia jinsi sefu la benki lilivyoanguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, wanaume wakashindwa kuliinua, wakaamua kulijengea nyumba palepale lilipoangukia. Wageni walicheka, kila mwezi, mahali palepale. Kisha alinyoosha mkono kuuonyesha mji wote, akasema kwamba siku hizo hapakuwa na mtu hapa, ilikuwa nyasi na swala tu. Askari wa mlango wa benki alikuwa mzee wa Kinandi ambaye baba yake alichunga ng'ombe kwenye nyasi hizohizo. Siku moja aliniuliza, "Huyu mama anasemanga nini hapa kila mwezi?" Nikamweleza. Akafikiri kidogo. "Na sisi tulikuwa wapi?" Nikamwambia hajasema. Mzee akakaza mkanda wake, akaendelea kuilinda benki.

Baada ya benki tulipita maduka ya Wahindi, yenye nguzo za mbao na paa za mabati, memsab akiwaonyesha jinsi vibaraza vilivyounganishwa ili mtu aende duka hadi duka bila kulowa. Tulipita hoteli ambayo mimi niliijua kwa mlango wa jikoni tu. Tuliishia kwenye kanisa la mawe, ambalo paa lake lilikuwa la vigae vya mbao, mtarakwa uliokatwa Kaptagat, na hapo nilikunjua kiti, memsab akakaa na kunywa chai yake. Kila jengo lilikuwa na mwenyewe. Hili alijenga bwana fulani, lile alijenga bwana fulani. Niliwajua waliolijenga kanisa lile. Mmoja alikuwa jirani yangu, mwashi aliyeacha vidole viwili chini ya jiwe la pembe, na sikuwahi kumwona ndani yake hata siku moja, maana lilikuwa la Wazungu.

Sisi sote tulikaa lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika, ng'ambo ya mto Sosiani. Lokesheni haikuwa na bomba hata moja. Mji ulikuwa na mabomba. Bustani ya bwana mkubwa ilinyweshwa asubuhi na jioni, nami nilikuwa shahidi. Sisi tulichota Sosiani, na si Sosiani ya juu, bali ya chini ya mji, baada ya mto kupokea mtaro wa machinjio. Maji yale yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na yakilala kwenye debe, asubuhi unakuta ute juu. Wanawake waliyachemsha kuni zikiwepo. Mara nyingi hazikuwepo. Mwaka mmoja homa ya matumbo iliingia lokesheni na ikakataa kutoka. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, wa miaka mitano, aliugua, akapata nafuu, akaugua tena. Daktari msaidizi alimpa dawa, kisha akamwambia mke wangu alichomwambia kila mama: akiendelea kunywa maji yale, ugonjwa utarudi. Kwa hiyo nilichotaka kilikuwa kitu kimoja. Nilitaka bomba, na nililitaka upesi.

Tulikuwa tumeandika barua nne. Nasema tulikuwa, lakini mwenye mwandiko alikuwa mimi. Jumapili baada ya ibada niliandika, mzee wa lokesheni akatia kidole gumba, na Jumatatu nikaibeba barua yangu mwenyewe hadi ofisini, nikaigonga muhuri wa kupokelewa, nikaiweka mezani kwa bwana mkubwa. Ijumaa, nikipanguza vumbi, niliikuta ndani ya droo pamoja na dada zake. Hakuna jibu lililotoka. Kama lingetoka ningejua, kwa sababu ningelipeleka mimi.

Halafu siku moja, nikimimina chai, nikasikia kwamba matembezi ya mwezi ujao yatakuwa na wageni wa maana. Walikuwa mabwana na mabibi kumi na wawili kutoka Nairobi, wanaozunguka miji kuangalia afya na majengo, na mmoja wao ndiye huandika mji gani upewe nini. Nikamwaga chai kwenye sahani. Jioni ile nilimfuata memsab nyumbani kwake kumrudishia mwavuli ambao hakuwa ameuulizia.

"Memsab, wale wageni ya Nairobi," nilisema. "Naomba wafike lokesheni."

"Lokesheni iko na nini? Mimi naonyesha watu nyumba ya zamani."

"Iko kanisa ya udongo, memsab. Ni ya zamani sana. Wale watu walijenga kanisa ya mawe, ndio walijenga hiyo pia, yao wenyewe, Jumapili."

Akavua miwani. Kwa mara ya kwanza nilimwona akinisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayemweleza jambo. "Watu walewale? Kweli?"

"Kweli kabisa, memsab. Mwashi mwenyewe bado yuko."

"Basi wewe utaniambia hadithi yake, mimi nitaambia wao."

Sikumtajia maji. Ningeyataja, angesema hayo ni mambo ya kaka yake, na safari ingefia palepale. Nilidhani macho ya wageni yatafanya kazi yao. Wapite njia ya mtoni, waone debe, waone rangi, waone watoto wamelala vibarazani na matumbo yao, na yule mwenye daftari aandike. Nilirudi nyumbani nikiimba, nami si mtu wa kuimba.

Jumapili ile tulikaa kikao nyuma ya kanisa letu. Walikuwepo mzee wa lokesheni, mwashi, mimi, na kina mama wa kanisa na kiongozi wao, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa aliyekuwa mkunga wetu sote. Tulimwita Mama tu, na hata mzee alimwita hivyo. Nikawaeleza. Nikasema waziwazi kwamba safari hii waje waione taabu yetu kama ilivyo. Wote walitikisa vichwa kukubali. Kisha Mama akauliza swali moja.

"Watakuja wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Uuwi," alisema Mama. "Na vikombe tunatoa wapi?"

Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika, nami nilikuwa nimekaa palepale nikitazama. Ningesema wanakuja wakaguzi, labda yangekuwa mengine. Nilisema wageni. Kwetu, ukishasema mgeni anakuja, umemaliza. Kwa wiki tatu lokesheni haikulala. Nyumba zilikandikwa upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kisha zikapakwa chokaa nyeupe chini na udongo mwekundu juu. Njia zilifagiliwa mpaka ukaona mistari ya ufagio. Mtaro wa mbele ulifukiwa. Vikombe viliazimwa kwa wapishi wa Wazungu, vitambaa vya kufuma vikafuliwa na kupigwa pasi, na mwashi akaziba nyufa zote za kanisa kwa mkono wake wa vidole vitatu. Njia ya mtoni, ambayo nilitaka wageni wapitie, ilizibwa kwa miiba ili wasije wakakanyaga uchafu.

Nilimfuata Mama. Nilikuwa na hasira. Nikamwambia, "Mama, huo uchafu ndio tunataka waone!"

"Wewe kijana ulilelewa na nani?" alinijibu. "Mtu atoke Nairobi, aje kwangu, nimuonyeshe choo?"

"Na maji? Utawapa chai ya maji gani?"

Akaniangalia kwa huruma. Alishalipanga. Upande wa juu, ndani ya shamba la Kaburu mmoja mwenye mbwa, kulikuwa na chemchemi safi. Yeye na wanawake wengine watano wangekwenda asubuhi ya siku ile, wakati mwenye shamba akiwa kwenye mnada wa ng'ombe, wajaze madebe sita. Wakikamatwa ni kuingia shamba la mtu, na hilo lilikuwa jambo la kufungwa. Wangehatarisha jela ili mgeni asinywe maji ambayo watoto wao walikunywa kila siku.

Nikaenda kwa mzee, nikitumaini atakuwa upande wangu. Alikuwa akipiga kofia yake brashi. Akanituliza. "Maneno ya bomba nitayasema mimi mwenyewe," alisema. "Lakini si hapo ndani. Mgeni akiwa bado anakunywa chai, huwezi kumwekea shida mezani. Tutawasindikiza mpaka darajani, na njiani nitamwambia huyo wa daftari polepole, mtu na mtu."

Na mimi nikakubali. Hili ndilo ninalotaka lieleweke, maana nimewasema Mama na mzee kama kwamba mimi nilikuwa na akili kuliko wao. Alichosema mzee kilikuwa sawa masikioni mwangu. Baba yangu alifanya hivyohivyo: mgeni hula, husifiwa, huombewa dua, na shida husemwa njiani wakati wa kumsindikiza, mkono wake ukiwa mkononi mwako. Sikuwahi kuona namna nyingine. Kuhusu Wazungu nilikuwa nikijua majengo yao. Hilo la kwamba wao hawasindikizwi, nililiona kila mwezi na halikuniingia.

Mke wangu peke yake ndiye aliyekataa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno yake machache yalikuwa mazito kubeba. Asubuhi ya Jumamosi ile homa ya mtoto ilikuwa imepanda tena. Nilipokuwa navaa koti la kuazima, niliona amemtandikia mkeka mlangoni, mahali ambapo kila mpita njia angemwona.

"Mpeleke nyuma, jikoni," nilisema. "Wageni watapita hapa."

"Najua watapita. Ndiyo maana."

"Watasema nini, wakute mtoto amelala mlangoni hivyo?"

"Watasema ni mgonjwa," alisema mke wangu. "Si ndivyo alivyo?"

Niliona aibu. Sina neno lingine. Niliona aibu ya ile shuka iliyochakaa, na ya harufu, na ya vile mtoto alivyokonda mpaka macho yakawa makubwa kuliko uso. Nilikuwa nimewaambia memsab na ofisi nzima kwa miaka kwamba nyumbani ni mzuri. Nikaukunja mkeka mwenyewe, nikambeba binti yangu, nikampeleka jikoni, nikamlaza karibu na mafiga. Alikuwa mwepesi. Aliniuliza kama wageni wataleta peremende. Nikamwambia nitamwekea. Mke wangu alisimama mlangoni akitazama mahali mkeka ulipokuwa, na hakunisaidia hata kufungua mlango.

Matembezi ya siku ile yalikwenda kama mengine. Posta. Benki, sefu, kicheko. Nyasi na swala. Maduka, hoteli, kanisa la mawe. Bwana wa daftari alikuwa mwembamba, mpole, na alisikiliza kila kitu ameinamisha kichwa upande. Saa tisa unusu tulivuka daraja la Sosiani. Nilimwona akiyatazama maji pale chini, na nikaomba Mungu ayatazame zaidi, lakini memsab alikuwa ameshaanza kueleza habari za kanisa letu la udongo, kama nilivyomweleza, neno kwa neno, na akamtaja hata mwashi. Nakiri kwamba nilisikia raha. Kwa dakika kumi watu wale wakubwa walikuwa wakitazama ukuta uliojengwa na jirani yangu na kusema ni mzuri. Mwashi alisimama kando ameficha mkono mbovu mfukoni.

Kina mama waliimba. Chai ikaja juu ya sinia, na vitambaa vya kufuma, na vikombe vya Wazungu wenzao wa mjini ambavyo hawakujua vimeazimwa. Bwana wa daftari akasema hanywi chai, angependa maji tu. Mama akamletea bilauri. Akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha, akanywa yote. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiingereza chake cha upole, akaniuliza maji haya yanatoka wapi.

Nimelijibu swali lile mara elfu tangu siku ile, nikiwa kitandani, nikiwa kanisani. Pale nilikuwa na majibu mawili. Ningesema ni ya chemchemi, wanawake sita wangelala ndani, na Mama wa kwanza. Ningesema sisi hunywa ya mto, na bilauri ile mkononi mwake, ningekuwa mwongo mbele ya watu. Nyuma ya wageni Mama alikuwa akinitazama, anatabasamu, bado ana tope la shamba la Kaburu kwenye pindo la gauni.

"Ya hapahapa, bwana," nilisema.

Akaandika.

Halafu akamuuliza mzee, kupitia kwangu, kama watu wa hapa wana shida yoyote. Ninakumbuka jinsi mzee alivyovuta pumzi. Akasema, "Mwambie tumefurahi sana kutembelewa. Hayo mengine tutaongea njiani." Nikafasiri vilevile. Bwana akatabasamu, nadhani alichukulia kwamba njiani ni neno la heshima tu. Akafunga daftari.

Mvua ya Eldoret haibishi hodi. Upepo ulivuma mara moja, mikaratusi ikainama, na kabla sijafungua mwavuli tukasikia honi. Kaka yake memsab alikuwa ametuma magari mawili yawachukue wageni wasilowe. Walikimbia wakicheka, mabibi wameshika kofia. Mzee alikuwa ameingia ndani kuchukua fimbo yake ya kusindikizia. Alipotoka, amevaa kofia iliyopigwa brashi, milango ya gari ilikuwa inafungwa. Alitembea mbio kiasi mtu wa heshima anavyoweza. Nami nilikimbia, nikafika kwenye dirisha la gari, nikasema, "Bwana, kuna neno moja," na memsab akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma akasema, "Ah, kiti yangu! Asante sana." Nikampa kiti. Gari likaondoka. Mzee alisimama katikati ya njia iliyofagiliwa, mvua ikimlowesha, mdomo wazi, maneno yote ya bomba yangali humo ndani.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Ni jibu la kwanza tulilowahi kupata, na kama nilivyosema, nililipeleka mimi. Nilisimama mbele ya kanisa, nikalisoma kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Wageni walipendezwa mno na usafi wa lokesheni. Waliyaonja maji, wakayakuta safi. Kwa hiyo bomba lililokuwa likifikiriwa kwa mwaka ule litapelekwa mahali penye haja zaidi. Mama akaniomba nirudie pale palipotajwa maji. Nikarudia. Akakaa chini kwenye nyasi na miguu yake mbele, akaivuta kanga usoni.

Binti yangu alikufa Jumatano iliyofuata, asubuhi, wakati mimi niko ofisini napanguza droo. Mwashi alimtengenezea sanduku kwa mbao za mtarakwa zilizobaki kanisani. Ofisi ilinipa ruhusa ya siku moja. Sikusema ni ya nini, na hakuna aliyeuliza. Nilimlilia mtoto yule mpaka nikaishiwa, na nilipoishiwa nikagundua kwamba mke wangu hajalia. Alikuwa ametandika ule mkeka mlangoni, mahali palepale, akaketi juu yake.

Jumamosi ya kwanza ilifika. Memsab alikuwa amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Matembezi ya mwezi uliopita yalisifiwa mpaka Nairobi, alisema, na kuanzia sasa lokesheni itakuwa kituo cha mwisho kila mwezi, kanisa la udongo na chai ya kina mama. "Habari ya nyumbani?" aliniuliza, akinikabidhi kiti. "Mzuri, memsab," nilisema. Lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimelisema kabla sijajua ninasema nini.

Mama alikuwa ameambiwa wageni wanakuja. Alikuwa ameapa hatachota tena, nikamsikia kwa masikio yangu. Lakini asubuhi ile nilimwona akitoka na debe, akaelekea upande wa juu, na nyuma yake wanawake wanne. Aliponiona alisema, "Sasa tufanye nini? Tuwape ya mto wafie hapa?" Mzee naye alipiga kofia brashi. Safari hii hapakuwa na mvua, akawasindikiza mpaka darajani na kuyasema yote, polepole, mtu na mtu, nami nikafasiri. Lakini hawa hawakuwa na daftari. Walikuwa mkulima mpya wa upande wa Kaptagat na jamaa zake, na alimjibu mzee kwamba yeye pia shambani kwake ana taabu ya maji.

Lakini kabla ya kanisa na chai, na kabla ya kusindikizana huko, tulipita kwangu. Memsab aliwasimamisha mbele ya nyumba yangu, kwa sababu chokaa yake ilikuwa bado nyeupe, akawaeleza jinsi kuta zinavyokandikwa na jinsi watu hawa wanavyoishi vizuri wakiachwa na desturi zao. Mke wangu alikuwa ameketi mkekani. Hakuinuka. Bibi mmoja kijana, mke wa yule mkulima, mgeni kabisa nchini, aliinama kwake na akajaribu Kiswahili alichokuwa amefundishwa, maneno matatu, kwa bidii.

"Habari ya watoto?"

Mke wangu alimwangalia bibi yule, kisha akaniangalia mimi, na kiti mkononi. Akajibu kwa lugha ya kwetu, taratibu, kila neno peke yake.

"Nilikuwa na mmoja. Amekufa kwa maji. Huyu baba yake ndiye aliyemficha."

Mama alikuwa nyuma yao na sinia, na yeye alielewa, na mwashi alielewa. Bibi kijana akanigeukia, uso wake wazi, anataka kweli kujua.

"Anasema nini?" aliniuliza.

"Anasema karibuni chai," nilisema.

Bibi akafurahi. Akamshika mke wangu mkono, akautikisa, akasema asante, asante sana. Mke wangu aliuacha mkono wake utikiswe mpaka ukaachwa. Memsab akasema twendeni, kuna kanisa bado, nami nikabeba kiti nikawafuata.